Mlango wa Nyuma wa Kombi: Namna ya Kuupanga Ukae Sawa Kabla ya Rangi

Safari ya kwanza ya Kombi yangu, basi dogo la zamani la Volkswagen, baada ya kutoka rangi ilikuwa ya kwenda Kidepo, hifadhi ya wanyama kaskazini mashariki mwa Uganda. Tulipofika Mbale mke wangu alilalamika kichwa kinamgonga. Nikamwambia ni joto. Tulipoingia maramu, barabara ya udongo mwekundu, ya Karamoja vumbi jekundu likaanza kupenya kutoka nyuma, na jioni tulipofunua kitanda godoro lilikuwa na rangi ya matofali. Mlango wa nyuma ulikuwa umefungwa. Kitasa kimeshika, ufunguo unazunguka, hakuna kinachogonga. Kumbe kitasa kushika ni jambo moja na mlango kukaa ni jingine. Mlango wangu haukuwa umekaa kwenye fremu. Nilikuwa nimesogeza ndoano ya kitasa, kile kipande cha kwenye fremu ambacho kitasa hukishika, mpaka ikauvuta kwa nguvu, halafu nikajisifu kwamba kazi imekwisha.

Kombi ni sanduku lenye magurudumu. Likienda mbio, hewa inayopita ubavuni na juu ya paa haifuati mgongo wake. Nyuma pale inabaki sehemu ambayo hewa ni hafifu, nayo inafyonza kila kilicho karibu: vumbi, maji, moshi. Gari za aina hii injini yake iko huko huko nyuma, chini ya mlango. Kwa hiyo ufa usiopitisha hata kidole unaweza kuingiza moshi wa ekzosi ndani mnamolala watoto. Na usitegemee pua. Kaboni monoksaidi, ile gesi inayoua, haina harufu wala rangi. Harufu unayoisikia ni ya vitu vingine vilivyo ndani ya moshi huo huo. Kichwa cha mke wangu kilikuwa kimeshajua jambo ambalo mimi nililibisha.

Tangu hapo mlango huu naufanya kwa mpangilio mmoja tu: fremu kwanza, kisha bawaba, kisha mianya, kisha raba, na kitasa mwisho kabisa. Rangi inangoja yote hayo.

Kombi gani tunazungumzia

Maelezo haya yanafuata zaidi Volkswagen ya kioo kimoja kikubwa cha mbele, ile iliyotengenezwa Ujerumani kuanzia 1967 hadi 1979, na Brazil ikaendelea nayo mpaka 2013. Mlango wake wa nyuma unafunguka kwenda juu, na kinachousaidia kupanda ni springi zilizo kwenye bawaba. Ile iliyofuata, ya 1979 kuendelea, yenye sura ya mraba zaidi, inainuliwa na shokabu mbili za gesi. Kanuni ni zile zile, na hata mwenye HiAce ya teksi atazitumia, maana mlango wake nao umening'inia kwa juu.

Kabla ya kununua mlango mwingine Kisekka, soko la vipuri la Kampala, au kuagiza kutoka nje, chukua vipimo vya huo ulio nao. Gari za mtindo wa 1972 na kuendelea, zenye taa ndefu za nyuma, zilibadilishwa sehemu ya nyuma, na raba wala mlango wa mwaka mmoja usidhani utaingia kwenye mwaka mwingine kwa sababu tu zinafanana ukiwa mbali. Muuzaji atakwambia "hiyo ni hiyo hiyo". Wewe toa futi.

Vifaa

Spana na soketi, hasa namba 13 na 10. Jeki, vipande viwili vitatu vya mbao laini, nyundo ya mpira, futi ya chuma na futi kamba. Drili yenye ncha ya milimita 3. Teipu ya karatasi ya wapaka rangi, penseli, chaki, tochi. Udongo wa kuchezea watoto, ule wa rangi rangi. Kazi yake utaiona. Washa bapa (vile vibati vya duara vyenye tundu katikati) za unene tofauti, na vipande vya bati vya kukata mwenyewe.

Na watu wawili wa kukusaidia. Mlango wenye kioo ni mzito na umbo lake halishikiki vizuri. Ukiwa peke yako utauangusha, na ukiuangusha utaangukia kona, na kona ndiyo ngumu kunyoosha kuliko sehemu nyingine yoyote.

Gari lisimame kwa miguu yake

Usipange mlango gari likiwa juu ya jeki au juu ya magogo. Bodi ya Kombi inajipinda kidogo sana, macho hayaoni, lakini mwanya wa mlango unaona. Litoe kwenye magogo, lisimamishe kwenye sakafu iliyo sawa, jaza upepo matairi yote kwa kipimo kinachotakiwa, na kama injini imetolewa basi irudishe au weka uzito unaokaribia wake mahali pake. Kama gari litakuwa na kabati, tangi la maji na kitanda upande mmoja, viweke au tia magunia ya mchanga badala yake. Gereji nyingi zetu ni uwanja wa udongo. Tafuta hata veranda ya jirani yenye saruji, au lala na pima maji mpaka upate sehemu ambayo magurudumu manne yako usawa mmoja.

Kama paa limewahi kukatwa ili kutiwa paa la kuinuka, litazame kwa makini zaidi. Westfalia, kampuni ya Ujerumani iliyogeuza Kombi nyingi kuwa za kulala, ilitia uimarishaji pale ilipokata. Aliyekata uani kwake na msumeno huenda hakutia kitu, na bodi ya namna hiyo hucheza. Utapanga mlango leo na kesho utaukuta umehama.

Pima fremu kabla ya kulaumu mlango

Hapa ndipo watu wanapopoteza wiki nzima. Mlango unagusa kushoto, wanausogeza kulia; sasa unagusa chini kulia, wanaukata. Wakati wote huo mlango ni mzima na tatizo ni fremu iliyovutwa na ajali ya zamani au na kulehemu kubaya.

Toa mlango. Namna ya kuutoa salama: ufungue mpaka juu kabisa. Springi za bawaba hukazwa zaidi mlango unapofungwa na hulegea unapopanda, kwa hiyo ukifungua bolti mlango ukiwa chini, mkono wa bawaba utaruka na ukikukuta usoni utakutoa meno. Mmoja ashike kila upande, wa tatu afungue bolti. Kabla ya kuzifungua, zungushia alama ya penseli au msumari pale kila bawaba ilipokaa, hata kama ilikaa vibaya. Ni afadhali kujua ulikotoka. Mlango ukishatoka, usiiteremshe mikono ile ya bawaba kwa nguvu.

Kwa zile zenye shokabu za gesi, egemeza mlango kwa mti imara kwanza, kisha zitoe. Usizitoboe wala usichomelee karibu nazo. Ndani kuna gesi iliyoshindiliwa.

Sasa pima fremu kwa mshazari: kutoka kona ya juu kushoto hadi ya chini kulia, halafu kinyume chake. Kona za Kombi ni za mviringo, kwa hiyo weka alama kwa teipu, ukianzia katikati ya fremu na kuhesabu umbali sawa kila upande, ndipo upime kati ya alama hizo. Tofauti ya milimita 2 nasonga mbele. Ikifika 5 nasimama. Pima pia upana wa juu, wa kati na wa chini, kisha fanya vivyo hivyo kwenye mlango wenyewe. Andika ukutani kwa chaki. Namba hizi nne tano zitakuambia nani ana kosa.

Fremu iliyopinda inanyooshwa kwa kusukuma mshazari ule mfupi. Laza jeki na kipande cha bomba, weka mbao kila upande ili bati lisibonyee, sukuma kidogo, legeza, pima. Bati lina tabia ya kurudi, kwa hiyo utalazimika kupita kipimo unachokitaka kidogo ili likirudi litulie pale. Ukienda kwa pupa utapasua maungio ya kona, na hapo umejiongezea kazi ya mwezi.

Kama kona za nyuma zimeoza na unataka kuzikata, usikate bado. Kwanza chomelea vyuma vya engo, vile vyenye umbo la L, ndani ya fremu, kimoja cha kulala na viwili vya mshazari, vishike kila kitu mahali pake. Nimeona gari lililokatwa kona zote mbili bila kutiwa kitu cha kulishikilia. Paa lilishuka kidogo tu, na mlango haukuingia tena mpaka kona zile zilipokatwa upya. Bati jipya lishike kwanza kwa vidoti vya kuchomelea, uning'inize mlango, utazame mianya, urekebishe, halafu ndiyo uchomelee kabisa, kidoti hapa kidoti kule, ukiacha bati lipoe katikati. Joto hukunja chuma. Mchomeleaji anayeburuta mstari mrefu bila kupumzika anavuta fremu yako bila kujua.

Kutu iliyojificha

Chunguza sehemu tatu. Ukingo wa chini wa mlango, ambako maji hukusanyika vitundu vyake vya kutolea maji vikizibwa na rangi au udongo. Sehemu ya fremu iliyo chini ya raba, ambako raba kuukuu imehifadhi unyevu miaka na miaka. Na pale bawaba zinapofungwa juu. Hapo pa juu pakiwa pamelika, mengine yote ni bure, kwa sababu bawaba itashikwa na puti (ile lipu ya kujazia mabonde ya bodi) na kutu, na barabara moja mbaya itaisogeza. Gonga kwa kichwa cha bisibisi. Chuma kizima kinalia, kilichooza kinanyamaza.

Bawaba

Shika mlango ukiwa nusu wazi, uinue kwa kona ya chini, kisha uuvute kulia na kushoto. Ukisikia mchezo kwenye bawaba, pini imelika, na hakuna kupanga kutakakodumu. Fundi wa kukereza vyuma anaweza kutanua tundu na kukutengenezea pini nene kidogo kwa saa chache. Huko Katwe, mtaa wa mafundi wa chuma Kampala, kazi hii hawaishangai. Zisafishe nyuzi za nati zilizofichwa ndani ya bati, tia mafuta, na jaribu kila bolti kwa mkono. Bolti inayokaza kabla ya kufika mwisho itakudanganya kwamba imebana.

Kuning'iniza na kupanga mianya

Ning'iniza mlango mtupu: bila raba, bila kitasa, bila ndoano. Kioo nacho kiwe nje kwa sasa. Funga bolti zibane kiasi cha kuzuia mlango usianguke, lakini uweze kuusogeza kwa kuugonga na kiganja.

Matundu ya bawaba yamefanywa mapana makusudi ili kuruhusu kusogeza, upande wa bodi na upande wa mlango. Usilegeze pande zote mbili kwa mara moja. Legeza upande mmoja, sogeza, kaza, funga, tazama. Utajua haraka upande upi unaleta mwendo upi, na ukishajua andika.

Fuata mfuatano huu. Kwanza kushoto na kulia: mianya ya pembeni iwe sawa. Mimi hulenga milimita 4 hadi 5, na kipimo changu ni vipande vya plaiwudi nyembamba nilivyovikwaruza mpaka vikawa na unene huo; natia viwili kila upande, nasukuma mlango uvibane, ndipo nakaza. Halafu urefu wa juu na chini: mwanya wa juu ufanane na wa pembeni, na ukingo wa chini usigonge kifuniko cha injini kikiwa kimefungwa. Kisha kuingia na kutoka: pitisha futi ya chuma kutoka paani kuja mlangoni. Mlango ukiwa umezama, tia washa au kibati chini ya bawaba, au ondoa kilichokuwepo, kutegemea bawaba yako imekaa juu ya nini. Ukiwa umetokeza upande mmoja tu, shughulikia bawaba ya upande huo peke yake.

Kona za chini tunaziacha mwisho kwa sababu hazina bawaba ya kuzitawala. Juu pakiwa sawa, pembeni pakiwa sawa, na kona moja ya chini imelala huku ya pili imesimama kidole kizima, mlango wako umejipinda. Hili ni la kawaida kwa mlango ulioachwa umeegemea ukuta miezi mingi. Dawa yake inatisha kidogo kuitazama: kwenye ile kona iliyozama weka kipande cha mbao kati ya mlango na fremu, funga mlango taratibu mpaka mbao ishike, kisha sukuma kwa viganja viwili ile kona ya pili inayotokeza. Sukuma, toa mbao, funga, tazama. Mara tatu nne za nguvu ndogo zina faida kuliko moja ya nguvu kubwa. Ndiyo maana nilisema kioo kiwe nje. Fundi mmoja niliyefanya naye kazi Jinja alinihakikishia kioo "kitacheza nayo". Hakikucheza. Tulikiokota chembe chembe hadi magharibi.

Ikiwa mwanya ni mzuri sehemu zote ila unapanuka mahali pamoja, kwa mfano kutoka milimita 4 hadi 8 karibu na kona, usijaze puti kwenye ukingo. Puti ya ukingoni hupasuka. Mlango unapigwa kila siku. Chomelea waya mwembamba wa chuma kwenye ukingo wa mlango kwa vidoti, kisha usage kwa tupa mpaka mwanya ulingane. Na kumbuka rangi ina unene: praima, rangi yenyewe na vanishi kwenye kingo mbili zinazotazamana zinaweza kula nusu milimita hivi ya mwanya. Ukiuacha wa milimita 2 kwa sababu unapendeza, baada ya rangi kingo zitaanza kukwaruzana.

Sasa rudisha kioo, au weka uzito unaolingana nacho, na upime tena. Mlango utashuka kidogo. Kwa gari la shokabu za gesi, panga bila shokabu, kisha zifunge na utazame upya. Zinasukuma mlango hata ukiwa umefungwa, na mpya zina nguvu kuliko kuukuu ulizozizoea.

Raba

Watu huitia raba mwishoni, baada ya rangi, kama pambo. Mimi naitia sasa, ikiwa bado mpya na bila gundi, kwa sababu raba ndiyo inayoamua mlango utakaa wapi. Raba mpya ni nene na ngumu. Mlango uliokuwa umelala sawa na bodi utatokeza milimita kadhaa, na fundi asiyejua atakimbilia kitasa auvute.

Kabla ya kuivalisha, pima nafasi iliyopo. Viringisha udongo wa kuchezea vijiti vinene kama kidole kidogo, vibandike kwenye fremu kila baada ya mkono mmoja, juu ya udongo weka kipande cha plastiki usinate, kisha bonyeza mlango mpaka usawa wake na uufungue. Kata kila kijiti katikati kwa wembe na upime unene uliobaki. Hiyo ndiyo nafasi ya raba yako. Sehemu moja ikiwa na milimita 6 na nyingine 13, hakuna raba duniani itakayoziba zote mbili. Rudi kwenye ukingo wa fremu, unyooshe pale ulipobonyea.

Raba yenyewe, ibonyeze kwa vidole dukani. Inayofaa inabonyea na kurudi. Inayobaki na alama ya kidole, au isiyobonyea kabisa, iache hata kama ni rahisi. Ivalishe kuanzia katikati ya juu kwenda pande zote mbili, usiivute, na kwenye kona isukume iingie badala ya kuinyoosha. Raba iliyovutwa kwenye kona huwa nyembamba hapo na baada ya miezi hujirudisha na kuacha pengo. Maungio yake yawe chini, katikati. Maji hutoka juu.

Kisha funga mlango kwa kamba au mkanda wa kufungia mizigo, kiasi cha kubana tu, na uliache gari juani siku mbili tatu. Jua letu linafanya kazi hii bure. Raba itajifunza umbo la fremu, na mlango utarudi ndani bila kulazimishwa.

Kitasa

Hapa ndipo nilipokosea mimi. Fungua mlango, funga kitasa na ndoano yake, lakini bolti za ndoano zibane kwa vidole tu ziweze kuteleza. Bandika teipu ya karatasi kwenye mlango na kwenye bodi, pembeni na chini, na kwa penseli chora mstari mmoja unaovuka mwanya. Shusha mlango pole pole, uubonyeze mpaka kitasa kishike. Ndoano itajisogeza yenyewe hadi katikati yake. Fungua kwa uangalifu isihame, kaza bolti.

Sasa funga tena ukitazama ile mistari ya penseli. Kitasa kinaposhika, mistari isihame juu, chini, kulia wala kushoto. Kitu pekee kinachoruhusiwa ni mlango kuingia ndani ule unene mdogo wa raba kubanwa. Mistari ikiruka, kitasa kinafanya kazi ya bawaba, nawe utarudi huko juu kwenye bawaba hata kama umechoka. Mlango mzuri unafungwa kwa kiganja kimoja na mlio wake ni mfupi. Ukihitaji kuubamiza ndipo ushike, tafuta kinachozuia.

Majaribio

Paka chaki kwenye raba yote, funga, fungua. Mstari mweupe utakaobaki kwenye mlango ndio mguso, unapokatika, hapagusi. Thibitisha kwa kipande cha karatasi: funga mlango juu yake kisha kivute. Kinatakiwa kitoke kwa shida na shida hiyo ifanane mzunguko mzima.

Usiku, mtu akae ndani na tochi, wewe uzunguke nje. Kisha mpira wa maji, lakini anza chini na kupanda juu taratibu. Ukianza juu maji yatatiririka kila mahali na hutajua yameingilia wapi. Mvua za Machi hadi Mei na za Septemba hadi Novemba zitarudia jaribio hili kwa niaba yako, ila zenyewe hazianzii chini.

Jaribio la vumbi halina mbadala wa barabara. Tandaza shuka jeupe nyuma, tafuta kilomita kumi za maramu, nenda madirisha ya nyuma yakiwa yamefungwa. Shuka litasema. Kabla ya kuulaumu mlango, angalia pia raba inayozunguka injini ndani ya chumba chake na kila tundu la waya linalopita kuingia ndani, kwa maana moshi na vumbi hupenda njia hizo pia. Gari la kulala ndani nalifungia kitambuzi cha kaboni monoksaidi hata baada ya mlango kufaulu majaribio yote.

Kuweka alama kabla ya kubomoa

Umepanga, umejaribu, na sasa fundi rangi anataka mlango utoke ili apake kingo. Huu ndio ujanja ulioniokoa kuliko mwingine wote. Bawaba zikiwa zimekazwa mahali pake sahihi, toboa kwa drili vitundu viwili vya milimita 3 kwenye kila bawaba, vipite bawaba na bati lililo chini yake, mbali na bolti na mbali na springi. Fanya hivyo upande wa bodi na upande wa mlango. Siku ya kurudisha, tia ncha za drili au misumari yenye unene huo kwenye vitundu, kaza bolti, chomoa. Mlango umerudi pale pale ulipokuwa. Vibati na washa za kila bawaba zifunge kwenye mfuko wake na uandike kushoto au kulia. Vitundu vyenyewe vipake praima kwa ncha ya kiberiti, na mwisho vizibe kwa nta, maana tundu lililoachwa wazi kwenye bati ni mwaliko wa kutu.

Rangi iachwe ikauke kikweli kabla ya kurudisha. Kavu ya kugusa si kavu ya kubanwa na bawaba. Kingo zote za mlango na za fremu zivalishe teipu tabaka tatu, tandika blanketi juu ya kifuniko cha injini, na muwe watatu kama mlivyokuwa wakati wa kutoa. Raba itaingia tena kama ilivyozoea umbo lake, safari hii kwa gundi pale ambapo aina yako inahitaji gundi. Ipake unga wa talki kidogo au silikoni. Isiponata kwenye rangi mpya itadumu.

Baada ya kilomita 500 hivi, hasa zikiwa za mawe, kaza tena bolti zote za bawaba na za ndoano, na uchore upya ile mistari ya penseli. Kwenye Kombi yangu bawaba ya kushoto ilishuka chini ya milimita moja, nikatia misumari kwenye vitundu, nikakaza, ikatulia. Tulirudi Kidepo msimu wa kiangazi uliofuata. Mke wangu alitandika shuka jeupe, hakuniambia kwa nini.

Jioni alilikung'uta nje mbele yangu. Likatoka vumbi dogo, kwenye kona moja tu, upande wa mlango wa pembeni ule wa kuteleza. Huo sijaugusa bado.